Mawe ya Nyumba ya Sista Rebeka

Namshukuru Mungu aliyenipa pumzi asubuhi hii, na mikono ambayo inatetemeka kidogo lakini bado inashika kalamu. Ni yeye aliyeniweka kando ya vitanda vya watu wake miaka thelathini na zaidi, kisha akanitoa huko nikiwa na akili zangu na magoti yangu mawili, moja zima na moja la kubembeleza. Sifa zote ni zake. Yaliyo mazuri katika haya nitakayosimulia ni yake pia. Makosa ni yangu.

Wanangu mnaovaa sare leo, mimi ni Beth Mwikali. Wengine wenu hapa Kibwezi mnanijua kama yule mama anayekuja kupimwa presha huku akichungulia kama mmenawa mikono. Jumapili moja baada ya ibada, mmoja wenu, muuguzi wa miaka ishirini na sita, alinishika mkono akaniuliza, "Susu, bibi yetu, ulijuaje kwamba wakati wa kujiandaa kustaafu umefika?"

Nikamwambia, "Mimi sikujua. Nilionyeshwa."

"Na nani?"

Watu walikuwa wanatusukuma mlangoni, kwa hiyo sikumjibu. Namjibu sasa, na ninyi nyote msikie.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa upande wa mashariki wa Zombe, huko Kitui, mahali ambapo barabara ilikuwa barabara wakati wa kiangazi tu. Mvua ikinyesha ilikuwa mto kama mito mingine. Ilikuwa miaka ya sitini. Nilishuka kwenye lori la mahindi nikiwa na sanduku la mbao na kofia yangu ya unesi niliyoipiga wanga wa muhogo mpaka ikasimama kama sahani. Aliyenipokea alikuwa msimamizi wa kituo, Sista Rebeka Ndinda. Alikuwa mrefu, mwembamba, asiye na mume wala mtoto, na viatu vyake vya turubai alivipaka chokaa kila Jumapili jioni. Akaitazama ile kofia.

"Hiyo ni ya kufunikia uji?" akaniuliza.

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Ninyi mnafungua karatasi, mnatoa sindano, mnachoma, mnatupa. Sisi tulikuwa na mabomba ya kioo na sindano za chuma, na zilezile zilitumika mwaka baada ya mwaka. Jioni Sista Rebeka alizinoa kwenye kijiwe kidogo, kisha akaipitisha ncha ya kila moja kwenye pamba. Ikivuta hata uzi mmoja, inarudi kwenye kijiwe. "Pamba isipolia," alisema, "na mtoto hatalia sana." Glavu tuliziosha, tukazianika kwenye kamba kama soksi, tukazipulizia hewa kutafuta matundu, tukazipaka poda, tukazivaa tena. Baada ya kunoa tulichemsha kila kitu kwenye sufuria juu ya stovu.

Wiki yangu ya pili niliweka sufuria motoni, nikaenda kumsaidia mama mmoja kupanda kitandani, nikasahau. Maji yakaisha. Tulichosikia ni mlio, pa! pa! pa!, mabomba yakipasuka moja baada ya jingine. Sista Rebeka akaja, akafunua, akachungulia ndani kama mtu anayeangalia githeri ya mahindi na maharagwe.

"Yameiva, Sista Beth? Tupakue?"

Hakunigombeza. Lakini kwa wiki nzima, kila nilipoketi kunywa chai, nilikuta kipande cha kioo kimewekwa kwenye kisahani changu mahali pa mkate. Sijasahau sufuria tena mpaka leo, hata ya maharagwe.

Tulikuwa wauguzi wawili na msaidizi mmoja. Chanjo zilikaa kwenye friji ya mafuta taa, na moto wake ukiwa wa manjano badala ya buluu ilibidi ulale tumbo sakafuni ukakate utambi. Kiangazi maji yaliletwa na punda kutoka visima vya mchanga mtoni, na tulijua kumwogesha mtoto mchanga kwa maji ya bakuli moja. Ukifungua rejista ya uzazi ya wakati ule utaona saa zetu za kazi kwa majina tu: Kioko ni wa asubuhi, Mutuku ni wa usiku, Mumbua ni wa siku ya mvua. Akina Mutuku walikuwa wengi mno.

Jambo kubwa alilonifundisha ni mgongo. Mama akianguka sakafuni ulimwinua peke yako, kwa sababu mwenzako alikuwa amelala baada ya zamu yake. Siku moja aliniona nimeinama kumwinua mmoja, akanipiga kofi dogo kiunoni.

"Piga goti, usikunje kiuno. Kitanda ni cha serikali, lakini mgongo ni wako. Siku moja utaondoka hapa. Kitanda utakiacha, mgongo utaenda nao."

Nililiweka neno hilo moyoni nikidhani ni la mgongo peke yake. Hata yeye, nadhani, alidhani hivyo.

Sista Rebeka aliishi katika Nyumba Nambari Mbili. Nambari Moja ilikuwa ya ofisa wa kliniki, na maofisa walikuja wakihama kama wageni wa harusi. Yeye hakuhama. Alipanda mipapai nyuma ya jiko, akapaka kuta chokaa mwaka baada ya mwaka, akazungushia ua wa mawaridi. Mgeni akiuliza nyumba ya Sista alionyeshwa hiyo. Neno "serikali" lilikuwa limefutika mlangoni, na rangi ya mlango aliipaka yeye.

Alikuwa na mpango. Nyuma ya kadi moja ya kliniki iliyoharibika alikuwa amechora nyumba yake: vyumba viwili, jiko, na baraza linalotazama mahali jua linapochomoza. Tukinywa chai aliitoa mfukoni. "Nahitaji miaka mitatu, Sista Beth. Mwaka wa kwanza mawe, wa pili kuta, wa tatu paa." Mwaka mmoja mtoto wa kaka yake akaingia sekondari, mwaka mwingine ng'ombe wa nyumbani kwao wakaisha kwa kiangazi, na kadi ikarudi mfukoni. Siwacheki wanaoahirisha. Mwalimu Daudi, mume wangu, na mimi tulikuwa na shamba Kibwezi bila hata kigingi ndani yake.

Barua ilikuja mwaka uliofuata ile njaa tuliyokula mahindi ya manjano. Aliileta dereva wa Land Rover ya chanjo. Sista Rebeka aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka chini ya sinia ya vipimajoto, akaendelea kupima watoto uzito. Alipima hadi wa mwisho. Alimtania mama wa yule wa mwisho kwamba mtoto ana mashavu ya chifu. Kisha akafunga mlango.

"Nisomee hii tarehe. Macho yangu leo yanacheza."

Nikasoma. Alikuwa anatakiwa kustaafu baada ya miezi mitatu, kwa kuwa ametimiza miaka hamsini na mitano, na nyumba airudishe siku hiyo ya mwisho.

"Wamekosea, Sista," nikasema. "Una hamsini na miwili."

"Hawakukosea. Mimi ndiye."

Akaketi kwenye benchi la akina mama na kunieleza. Aliposikia kwamba misheni inafundisha wasichana unesi alikuwa na miaka kumi na mitano, na waliotakiwa ni wa kumi na minane. Wakati huo kwetu hapakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Mtu alijua alizaliwa katika njaa gani. Matroni alikuwa na karatasi yenye majina ya njaa zetu zote, na kando ya kila moja mwaka wake. Akamwambia Rebeka aonyeshe njaa aliyozaliwa. Mama yake alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba alizaliwa katika njaa ya pili kati ya mbili zilizofuatana.

"Niliweka kidole kwenye ya kwanza," akasema. "Kidole hikihiki. Matroni akaandika. Nilifurahi, Sista Beth, nikala chakula cha jioni mara mbili."

Alikuwa amejipa miaka mitatu ambayo hakuwa ameiishi, na sasa ofisi ilikuwa inaidai. Ndiyo ileile miaka ya mawe, kuta na paa.

Nawaambia ninyi ambalo sikumwambia yeye siku hiyo: nami nilikuwa nimeongeza miwili. Wengi wetu wa rika lile tulifanya hivyo. Tulikuwa na haraka ya kuingia, na hakuna msichana anayewaza siku ya kutoka.

Tulikwenda pamoja Kitui, kwenye ofisi iliyokuwa na mafaili yetu. Karani alikuwa kijana mpole mwenye sweta. Alifungua faili, akageuza karatasi ya kwanza kabisa, ya kahawia kama chapati.

"Mama, miaka hii ulitupa wewe mwenyewe. Sahihi yako hii hapa. Na mwandiko mzuri, hata."

"Nilidanganya," Sista Rebeka akasema.

Karani akainua macho. Nadhani hakuwa amewahi kulisikia neno hilo pale ofisini.

"Una cheti chochote?"

"Nina mama yangu. Yuko hai, na njaa zote anazikumbuka."

"Aiya, mama. Mama yako tutamtoboa vipi tumweke kwenye faili?"

Tukacheka, yeye na sisi, kwa maana hapakuwa na la kufanya jingine. Tulipotoka nje mwanamume mmoja aliyekuwa ameketi kwenye ngazi akatufuata.

"Kina mama, nimesikia. Hilo si jambo gumu. Mnataka kadi ya ubatizo ya mwaka gani? Kesho saa nne iko tayari, na mhuri juu."

Nilimtazama Sista Rebeka. Nitasema kweli mbele za Mungu: nilitamani akubali. Miezi mitatu haitoshi hata kufyatua matofali. Tena miaka yenyewe ilikuwa yake kweli. Karatasi ya uongo ingesema ukweli.

Yeye akasema kwa upole, kama anavyosema na mgonjwa, "Asante, mwanangu. Nilidanganya mara moja ili niingie. Sitadanganya tena ili nisitoke."

Tukashuka sokoni. Nilidhani anatafuta chai, kumbe aliingia dukani akanunua kamba ya fundi, ile ya kupimia msingi. Akaitia kwenye kiondo.

Kaka yake alimkatia kipande kwenye shamba la baba yao, mwendo wa saa moja kutoka kituoni. Huyo kaka alimpa kwa moyo, maana watoto wake walisoma kwa mikono ya dada yake. Lakini kipande kilikuwa mchanga mtupu. Fundi alikuja, akazika kidole chote ardhini, akatikisa kichwa. "Hapa bila mawe ya msingi, mvua ya kwanza nyumba inaondoka na wewe ndani." Na mawe yalikuwa ng'ambo ya mto, kwenye kilima, na punda wa kuyabeba walikuwa wameisha katika ile njaa. Waliobaki walikuwa wa kuhesabika na wamekonda.

Sista Rebeka alinikataza kusema. "Sitaki kuombaomba kwa wagonjwa wangu. Nimewahudumia kwa mshahara, hawana deni." Kila siku baada ya kazi alivuka mto akarudi na jiwe moja kwenye kiondo, kamba imekaza kwenye paji la uso. Jiwe moja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, au hamsini na mitano, upendavyo, na mgongo alioutunza muda wote huo alikuwa anaumaliza kwa mawe.

Niliona hivyo siku tisa. Siku ya kumi nilikuwa napima ujauzito wa mama mmoja aitwaye Kaluki, mwenye sauti ambayo akisalimia, Zombe yote inaitikia. Akaniuliza, "Sista mkubwa mbona anatembea kama ameumwa na siafu?" Nami nikamwambia yote. Ni siri pekee niliyowahi kuitoa katika kazi yangu, na nimemwomba Mungu msamaha kwa kinywa tu, moyo umekataa.

Kaluki alikuwa kiongozi wa mwethya, lile kundi la akina mama wanaolimiana na kuchimbiana matuta kwa zamu, wakiimba. Jumamosi iliyofuata tulifika pale shambani, mimi na Sista Rebeka, tukakuta punda wawili na Kaluki anashusha mawe.

"Mwaitu, mama yangu, hayo ni nini?" Sista Rebeka akauliza.

"Tisa," Kaluki akasema. "Hili ni Kioko. Hili ni Mwende. Hawa wawili ni wale mapacha, angalia hata hapa wanagombana. Hili kubwa ni Mutuku, yule aliyekutoa jasho mpaka jogoo wakawika."

"Una watoto kumi, Kaluki."

"Wa kumi nilimzaa njiani nikija kwako. Huyo hukumshika. Akikua atajenga mwenyewe."

Huko nyuma mtoni tukasikia vicheko. Walikuwa wanakuja, mstari mrefu, wengine na punda, wengi na viondo. Sijui kama Kaluki aliwaambia walete kwa hesabu ya watoto au kama kila mmoja aliiga aliyemtangulia. Lakini kila aliyefika alitua mzigo akataja majina. Sista Rebeka alisimama na ile kamba ya fundi mkononi, akiitikia kila jina kama anasoma rejista. "Huyo alitanguliza miguu." "Huyo mama mkwe wako alinitukana." "Huyo ndiye aliyenimwagia ile dawa ya zambarau?" Fundi akalalamika, "Mama, haya mawe hayalingani, moja kama kichwa, jingine kama ngumi! Nitajenga vipi?"

"Watoto wenyewe walilingana?" Sista Rebeka akamjibu. "Jenga."

Karibu na saa nane, wengine wakiwa wameketi kula, alikuja mwanamke mmoja peke yake. Aliitwa Kavinya. Nilimjua. Alikuwa amebeba kitu kimefungwa kwenye leso, mbele ya kifua, si mgongoni.

"Sista," akasema, "mimi niliambiwa tulete waliozaliwa mikononi mwako. Wangu hakulia."

"Nakumbuka, Kavinya."

"Wale wawili wa kwanza, niliowazalia kwingine, nao hawakulia, na watu wa huko wakawaficha. Walisema nisiangalie. Wewe ulimwosha. Ulimfunga shuka ukanipa, nikamshika mpaka nikatosheka. Nimemletea jiwe. Kama halifai nitarudi nalo."

Sista Rebeka alinyoosha mikono yote miwili, mmoja chini, mmoja nyuma, vile mnavyofundishwa kupokea kichwa na matako, akalipokea lile jiwe na leso yake. Akalitembeza mwenyewe hadi pale fundi alipokuwa amechimba. Akapiga goti, hakukunja kiuno. "Hili linakaa chini ya mlango," akamwambia fundi. "Kila siku nikitoka na nikiingia." Kavinya akaketi pale ukingoni mwa msingi mpaka fundi alipoliweka.

Msinielewe vibaya. Nyumba haikuisha kwa miezi mitatu. Maisha si hadithi ya shule ya Jumapili. Siku ya kurudisha ufunguo kulikuwa na kuta, na mabati juu ya chumba kimoja tu, cha pili kikiwa kinatazama mbingu. Lakini alikuwa na mahali pa kulaza kichwa pasipo na nambari. Alifagia Nyumba Nambari Mbili, akamwagilia mipapai ambayo mtu mwingine angeila, akanipa ufunguo nimpe ofisa. Pale getini akageuka akaniuliza, "Friji umeangalia utambi?"

Pensheni yake ilichelewa sana. Nawaambia hili kwa sababu linasaidia: anzeni kukusanya karatasi zenu mwaka mzima kabla, si mwezi mmoja. Barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini, kila ya uhamisho. Waombeni wawafungulie faili muione ukurasa wa kwanza mkiwa bado vijana. Mtashangaa ni nani ameandikwa mle.

Na karatasi zikiisha, fikirini asubuhi. Sista Rebeka aliniambia kwamba miezi ya kwanza aliamka saa kumi na moja, akavaa viatu vyake vya chokaa, akafika mpaka njiani ndipo akakumbuka hana zamu. Alirudi akaketi barazani akalia. Hakuna anayewaambia habari hiyo. Mnaambiwa habari za ploti na kuku. Kilichomponya ni wasichana wajawazito waliopita pale wakienda kituoni, kila Jumanne. Aliwapa maji ya kunywa, akawasikiliza, hakuwapa dawa hata moja, akawahimiza waendelee na safari. Jumanne ikampa Jumatatu ya kungojea, na Jumatano ya kupumzika, na wiki ikarudi kuwa wiki.

Mimi jioni ile ya mawe niliandika barua kwa Daudi. Nilimwambia: miaka yangu ya kweli ni siri ya mama yangu, lakini tutajenga kwa ile ya ofisini. Sitakwenda kuibadilisha. Niliipanda mwenyewe, nitaivuna. Tulianza na tangi la maji. Msimu mmoja msingi, msimu mwingine tukalala kidogo, kisha ukuta. Nilihamishwa mara tatu, nikafika karibu na barabara ya Mombasa ambako kazi ilikuwa majeruhi wa malori. Nikaona sindano za kutupwa zikifika, na ule ugonjwa uliotufundisha kuvaa glavu mpya kwa kila mtu, baada ya kuzika wenzetu wengine. Katika hayo yote, kila likizo niliongeza kitu, hata kama ni dirisha.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenzangu walinipa chai, maneno mazuri na blanketi zito, zawadi ya kuchekesha kwa mtu anayehamia joto la Kibwezi. Ufunguo wa nyumba ya kazini niliurudisha saa nne. Saa nane nilifungua mlango wangu.

Jumamosi ya kwanza, basi la kutoka Kitui likateremsha mama mmoja mwembamba mwenye fimbo, na utingo akimfuata amebeba kiondo kwa mikono miwili, uso umemkunjamana.

"Huyu susu wako," akaniambia, "nimemwambia mzigo uende juu akakataa. Amekaa nao mapajani njia nzima. Kumbe ni jiwe! Nimemwuliza, susu, Kibwezi kuna upungufu wa mawe?"

Mnajua Kibwezi yetu. Ukichimba shimo la choo ni mawe meusi, ukilima ni mawe meusi.

"Yapo," Sista Rebeka akasema, "lakini haya yenu hayanijui."

Tukamketisha kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Lilikuwa jiwe la kile kilima cha ng'ambo ya mto, lenye wekundu wake. Nikamwambia, "Sista, watoto wangu niliwazalia hospitali kubwa. Hukumshika hata mmoja. Hili ni la nani?"

"La kwako. Ulikuja kwangu unapika mabomba mpaka yanapasuka. Nilichukua miaka minane kukuzaa, na hukutanguliza kichwa."

Daudi akaleta sururu. Tukang'oa tofali la ngazi, akachimba, jiwe likaingia. Sista Rebeka akalikanyaga mara mbili kuona kama limetulia. Kisha akavua viatu, akanyoosha miguu juani.

"Sasa niambie, Beth. Miaka yako ya kweli ni mingapi?"

Nilihisi masikio yakiwaka kama msichana. "Hamsini na mitatu."

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Nilijua. Siku ile Kitui kwenye ofisi ulinyamaza mno. Mtu asiye na kosa angekuwa anapiga kelele na karani." Akanipapasa goti, lile la kubembeleza. "Umejenga, lakini. Umejenga ukiwa bado unaweza kubeba maji yake. Lete chai."

Nikaleta chai. Kwenye kisahani chake, mahali pa mkate, niliweka kijipande cha kioo nilichokihifadhi tangu miaka ile, na tukacheka tena.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aliyekuona ukipiga goti kando ya vitanda vya wengine akutunzie mgongo wako. Wale uliowapokea na wale uliowasindikiza wawe msingi chini yako. Siku utakaporudisha ufunguo wa watu, ukute mlango wako uko wazi, jua liko barazani, na mtu unayempenda ameketi kwenye ngazi akikungojea. Amina.